Kunoa cheni ya chenso bila kuumia: tupeane uzoefu

Mpasuaji_Muheza: Wakuu, habari za kutwa. Huku kwetu ni mitiki na miembe mizee, na kila kambi ina staili yake. Wengine hawanoi mpaka mashine itoe vumbi badala ya maranda, na mtu anailalia kwa kifua ndipo ikate. Nyie mnanoa saa ngapi, na vidole mnavilindaje?

Tupa_Korogwe: Mimi kila nikienda kujaza mafuta. Nazima, nachomoa kofia ya plagi, navaa glovu, breki ya cheni nimeifunga. Naiachia tu nikitaka kusogeza cheni. Tupa naisukuma upande mmoja, kutoka ndani ya jino kwenda nje, sisugui kwenda na kurudi. Namaliza meno ya upande huu, ndipo nageukia ya upande wa pili. Kwanza natafuta jino fupi kuliko yote, mengine yafuate urefu wake. Yasipolingana, baa (lile bapa la chuma linalobeba cheni) inavutwa upande na mbao inatoka kama upanga.

Kijana_Pangani: Kaka, tupa yenyewe namba ngapi? Dukani niliambiwa zote sawa tu.

Tupa_Korogwe: Hakuna cha sawa, mdogo wangu. Cheni ya .325 (hiyo ni saizi ya cheni kwa inchi) inataka tupa ya 4.8 mm. Zile 3/8 nyembamba za mashine ndogo, 4 mm. 3/8 kubwa ni 5.2 au 5.5, soma maelezo ya cheni yako.

Lushoto_Juu: Mnasahau kile kinundu kilicho mbele ya jino. Ndicho kinachopima jino litakula mti kiasi gani, na cheni nyingi kinatakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa 0.65 mm hivi. Jirani yangu alivisaga vyote kwa jicho ili mashine "ile haraka". Ikala kweli. Siku ya pili ncha ya baa ikagusa tawi lililojificha, mashine ikamrukia usoni. Breki ilikuwa nzima, ndiyo maana bado tunataniana naye. Nunueni kile kibati cha kupimia, bei yake si ya kuumiza kichwa.

Mzee_wa_Mvule: Wanangu, na mti wenyewe uangalieni. Mvule huwa na jiwe la chokaa ndani, halionekani kwa nje. Ukiona cheche, acha hapo hapo. Na gogo lililoburutwa lina mchanga kwenye magamba. Mimi nalibandua ganda kwa shoka pale nitakapokata.

Kijana_Pangani: Shikamoo mzee, nimekupata. Mimi napasua mbao tu, sikati vipande. Pembe ya kunolea ni ile ile?

Mzee_wa_Mvule: Marahaba. Ya kukatia vipande ni nyuzi 30 hivi, ya kupasulia shuka mpaka 10. Na jioni ilegeze cheni, ikipoa inajikaza kwenye baa.

Mpasuaji_Muheza: Hilo la kulegeza kambini kwetu hakuna anayelifanya. Wengine je?