Nimeuziwa Land Cruiser ya "kilomita 96,000", kumbe ilishapita laki mbili

Wadau, nina hasira na sitaificha. Mwezi uliopita nilinunua Land Cruiser pikapu, ile ya injini ya 1HZ, kwenye yadi moja Ngong Road, Nairobi. Dashibodi ilisoma 96,000. Juzi fundi wa Kirinyaga Road alipangusa vumbi kwenye kava ya mkanda wa taiming, tukakuta maandishi ya rangi nyeupe yaliyoachwa na mekanika wa zamani: "TB 203,000", yaani mkanda wa taiming (timing belt) ulibadilishwa gari likiwa na kilomita 203,000. Mkanda huo hubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000. Gari lenye 96,000 lingekuwa bado na mkanda wa kiwandani! Mtu alikaa na kompyuta akazifuta zaidi ya kilomita laki moja, kisha mwingine akanitazama machoni akapokea hela zangu.

Kazi yangu ni kufunga na kurekebisha pampu za visima, Kajiado mpaka Magadi. Hii 1HZ naijua: lita 4.2, silinda 6, haina turbo, inavumilia. Nao wauzaji wanajua kwamba tunaijua.

Safari ya kwanza, tumepita Kona Baridi tunateremka kuelekea Olepolos, mabomba nyuma. Nilipoachia mafuta, gia ya tatu ikachomoka yenyewe. Gari likaanza kukimbia na mteremko, nimebaki na breki peke yake. Kijana ninayefanya naye kazi alimwita mamake kwa sauti. Ana miaka ishirini na mbili. Mkituibia pesa tutatafuta nyingine, lakini huyo ningemrudisha vipi kwao?

Usiku nimekuwa nikiirudia ile siku ya kununua, na dalili zote zilikuwepo. Raba za pedali zilikuwa mpya kabisa. Pedali za kilomita 96,000 hazihitaji raba mpya. Usukani ulivishwa kava ya ngozi, nimeivua juzi, chini yake pamesuguliwa mpaka panang'aa. Mlango wa dereva lazima uuinue kidogo ndipo ushike, ilhali wa abiria unajifunga vizuri. Tairi nne mpya, nikafurahi. Sikuinama kutazama ya akiba iliyofungwa chini: ubavuni ina namba 3113, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2013, mwaka uleule wa gari, na imelika hadi haina maua. Nyuma ya magurudumu ya mbele, kwenye viungo vya ekseli, palikuwa pameoshwa safi. Baada ya wiki moja panatoka mchuzi mweusi wa grisi iliyochanganyika na oili.

Na injini? Nilipofika ilikuwa inanguruma tayari. "Tulikuwashia bosi, usisubiri." Dizeli iliyochoka hujificha ikiwa moto. Ukitaka kuijua, ifikie asubuhi bonneti ikiwa baridi, uiwashe mwenyewe, kisha ufungue kifuniko cha oili. Moshi ukipumua hapo kwa vishindo, ringi za pistoni zimekwisha. Yangu inapumua kama bomba la jiko la kuni.

Fundi aliyenikagulia aliletwa na broka, nikamlipa elfu tatu. Alizunguka gari mara moja akasema "hii ni ngumu, chukua". Usikubali fundi anayesalimiana na watu wa yadi kwa majina.

Hata kama hiyo 96,000 ingekuwa ya kweli, gari la namna hii halipimwi kwa kilomita pekee. Likitembea barabara kuu kwa wastani wa 60 kwa saa, injini imefanya kazi saa 1,600. Likitambaa kwenye mawe kwa 20, ni saa 4,800, nusu ya hizo likiwa gia ndogo, springi zikipigwa, difu zikimeza vumbi. Odometa inasoma namba ileile. Ndiyo maana nilipaswa kuuliza limefanya kazi gani na wapi, na logibuku haina mahali pa kuandika kilomita wala kazi.

Nimerudi yadi mara mbili. Jibu: "Gari likishatoka geti ni lako." Mimi nasema hapana. Kuna Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012, na picha ya dashibodi ya siku ya mauzo ninayo, picha ya ile kava ninayo, na ujumbe wa broka unaosema "maileji ni halisi" ninao. Wakili anaandika barua wiki hii.

Aliyeuziwa hivi Ngong Road na bado ana risiti aniandikie inboksi, twende pamoja. Gari liko Kirinyaga Road, giaboksi imeshushwa, na kuna manyatta karibu na Magadi wanasubiri pampu yao siku ya kumi na moja leo, wakifuata maji kwa punda.