Mteja hajui anataka gemu gani: nani alipie kulitafuta wazo?

Mtoa mada: Wakuu, habari za jioni. Mwezi uliopita kaka mmoja alinikuta Mwenge, akaagiza chai mbili, akasema: "Nataka gemu kama GTA, ila ya Bongo. Daladala, trafiki, konda, Kariakoo mpaka Mbagala. Wewe unajua zaidi." Nikamuuliza, mchezaji ni nani: dereva, konda au abiria? "Wote." Anashinda vipi? "Iwe inavutia tu." (GTA ni Grand Theft Auto, gemu ya magari na uhalifu mjini; GTA V ya mwaka 2013 ilitengenezwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa. Mimi niko na laptop na feni.)

Nikamchorea. Mchezaji awe dereva anayefukuzana na hesabu ya tajiri, trafiki akimsimamisha muda unakwenda. Akapenda. Siku nne baadaye, hapana, awe konda. Nikabadilisha. Kisha mdogo wake akamwambia kama watu hawachezi pamoja mtandaoni, hiyo si gemu. Wiki tatu zimekwenda, sijaona hata nauli, kwa sababu "bado hatujaanza kazi."

Msimamo wangu: kulitafuta wazo ndiyo kazi yenyewe. Mteja alipie kwanza wiki mbili za michoro na mfano wa kuchezeka, barabara moja na gari la maboksi. Akiupenda tunaandikiana mkataba wa gemu nzima. Asipoupenda tunaagana kwa amani. Mnasemaje?

Sindano: Napinga, mkuu. Mama yangu ni fundi cherehani Tandika. Mteja analeta kitenge na picha kwenye simu: "Nishonee kama hii, lakini si kama hii." Mama hamtozi kwa kufikiri. Ninyi wa kompyuta mnataka mlipwe hata mkikuna kichwa.

Mtoa mada: Mama akishakata kitenge, mteja hurudi kusema sasa anataka suruali? Kwangu wanarudi, maana kitambaa kilichokatwa hawakioni. Kutoka mchezaji mmoja kwenda mtandaoni ni kubomoa msingi: seva, akaunti, wanaoiba pointi, intaneti ikikatika katikati.

Sindano: Hapo kwenye suruali nimekuelewa. Bei ya kukuna kichwa bado sijaielewa.

Mteja Mwenye Kovu: Niseme upande wetu. Mimi nililipa. Gemu ya kufundisha watoto hesabu. Kijana akachukua nusu ya hela, akanipa makaratasi yenye maneno nisiyoyajua, nikasaini. Miezi mitano baadaye naonyeshwa kitu kinachofunguka kwenye kompyuta yake tu. Nikilalamika, ananifungulia ukurasa wa saba. Sasa hizo wiki mbili za kulipia, ni nani atanihakikishia si mlango wa kuniibia mapema? Hata laki tatu tu, kwangu ni ada ya mtoto.

Kalamu: Nyongeza fupi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayahesabu kuwa batili makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kujulikana. Nenda mahakamani na "kama GTA ila ya Bongo" uone.

Kete Mkononi: Mnadhani wazo likieleweka shida imekwisha. Mimi niliagizwa bao. Bao tu! Mteja ni mzee wetu wa Magomeni, anacheza kila jioni barazani. Nikatengeneza: safu 4, mashimo 32, kete 64, mbili mbili kila shimo. Mzee akalitazama, akanyamaza, akasema, "Hili la watoto, mwanangu."

Alitaka Bao la Kiswahili: kila mmoja anaanza na kete 22 mkononi, mnanamua (mnaziingiza ubaoni moja moja), na nyumba, lile shimo maalumu, ina sheria zake. Mimi nilimwekea bao la kujifunza kwa sababu ndilo ninalolijua. Yule mzee wazo lake lilikuwa wazi kabisa, ila kwake mambo hayo hayasemwi, kila mtu anayajua. Makaratasi yasingenisaidia. Nilikaa naye jioni mbili, kete mkononi, nikiandika kila aliposema "hapo huwezi." Jioni hizo sikumtoza. Nyingine ningemtoza.

Mtoa mada: Kaka mwenye kovu, nimekusikia. Basi nusu ya hela ya wiki mbili unilipe mwanzo, nusu nyingine mfano ukishafunguka kwenye simu yako mwenyewe, mbele yako. Usipofunguka, iliyobaki ni yako.

Mteja Mwenye Kovu: Simu yangu ina ramu ya GB 2 na kioo kimepasuka. Ukifunguka humo, tutazungumza.