Naomba ushauri: wachezaji hubadilika kila wiki, hadithi nitaishikaje?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, huwaendeshea wenzangu mchezo wa hadithi wa mezani (kila mmoja huigiza mhusika wake, nami nasimulia hadithi), aina ya Dungeons & Dragons iliyotoka Marekani mwaka 1974. Tunakutana barazani baada ya Isha, wahusika wetu ni watu wa jahazi moja, dadu la pande 20 tunarusha ndani ya sinia lisiporomoke mtaroni.

Tuko saba, ila hawatimii. Wawili ni wavuvi: bahari ikichafuka na kusi wapo, kaskazi ikitulia siwaoni. Mwingine ni nahodha wa boti ya Mokowe. Juzi tuliishia pangoni, mwenye ufunguo akiwa ni mhusika wa mvuvi. Wiki iliyofuata hakuja. Nikasema kashikwa na homa, na ufunguo nikampa mwingine. Aliporudi alikishika kikaratasi chake cha mali za mhusika wake, akauona ufunguo umefutwa, akanyamaza. Iliniuma sana.

Nawaza kila usiku uishie bandarini, atakayekuja kesho apande chomboni. Lakini hapo safari ndefu nitazipataje? Au kila mtu awe na wahusika wawili watatu, kama katika mchezo mwingine wa aina hii, Ars Magica wa 1987? Nachelea wachezaji wapya kuchanganyikiwa.

Na la ngazi, yaani kiwango cha nguvu za mhusika: anayekuja kila wiki apande peke yake, au niwapandishe wote pamoja? Mvuvi hakosi kwa uvivu, yuko kazini. Waliowahi kuendesha kundi kama hili, nielekezeni tafadhali.