Uzi maalumu: kisiwa ulichokuwa unakiona kutoka mji wako wa Scotland, tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Mimi nimekulia Girvan, pwani ya Ayrshire. Mama ni muuguzi, kazi ndiyo ilitupeleka kule. Siku hizi naishi Birmingham, bahari iko mbali kila upande, na ninachokikumbuka kuliko vyote ni Ailsa Craig. Kiko kilomita kama 16 kutoka ufukweni, mabaki ya volkano ya kale yaliyochomoza majini hadi mita 338. Hakuna anayeishi pale. Ukisimama bandarini unakiona kimeumuka kama andazi.

Wenyeji wana usemi wao: ukikiona kisiwa, mvua inakuja, usipokiona, ujue imeshaanza kunyesha. Baba aliushika usemi huo kwelikweli. Asubuhi anafungua pazia la jikoni, anatazama upande ule kwanza, ndipo anatuambia tuvae koti lipi. Kuna siku ukungu unakifunika kiunoni, kilele kinabaki kinaelea chenyewe. Mwishoni mwa Machi, na tena Septemba, jua linazama usawa wake, kinakuwa cheusi tii na bahari yote nyekundu. Juni jua huhamia kaskazini zaidi, saa nne usiku ndiyo kwanza linazama.

Graniti yake ndiyo inachongwa mawe ya mchezo wa curling, yale yanayosukumwa kwenye barafu. Olimpiki ya majira ya baridi ikifika, wenzangu wanafuatilia matokeo, mimi macho yangu yako kwenye mawe. Yale ni ya kwetu.

Haya, na nyie mlikuwa mnaona nini?

Wa Saltcoats: Mkuu umenigusa. Mimi niliolewa huku, kisiwa chetu ni Arran. Wenyeji wanasema milima yake ni shujaa aliyelala chali. Mama mkwe alinishika mkono ufukweni, akanionyesha kwa kidole: pale uso, pale kifua, pale miguu. Nikaitikia kwa heshima tu, mimi naona milima. Jioni moja ya baridi, natoka dukani na mifuko yangu, nikainua macho, huyo hapo! Kalala kabisa. Tangu siku hiyo nikitazama Arran namwona yeye kwanza.

Marehemu mama mkwe alipougua, kila nikifika hospitali swali lake lilikuwa moja: Goat Fell ina theluji leo? Ndio mlima mrefu kuliko yote kule, mita 874. Nikawa napitia ufukweni kwanza, hata kama nimechelewa, ili nimpe jibu la kweli. Sikutaka kumdanganya katika hilo.

Wa Largs: Sisi Cumbrae iko puani, feri dakika kama 10 tu. Jumamosi tunavuka na baiskeli, tunazunguka kisiwa chote, tunakula aiskrimu Millport, tunarudi. Lakini kutazama kutoka ng'ambo kulikuwa na utamu wake, hasa jioni taa za feri zikiwaka.

Wa North Berwick: Pole dada wa Saltcoats, Mungu amrehemu mama.

Mimi nilifanya kazi jikoni hotelini, sinki la vyombo liko dirishani, na dirishani kuna Bass Rock. Mwamba wenyewe ni mweusi, ila kiangazi unakuwa mweupe kwa ndege na kinyesi chao. Ndege wakubwa weupe, ncha za mabawa nyeusi, wanajitupa majini kichwa mbele kutoka juu kabisa. Kundi lao pale ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote duniani kwa aina hiyo. Mwaka 2022 mafua ya ndege yakawapiga. Niliacha sufuria kwenye maji nikabaki natazama, kwenye weupe kumeingia mabaka meusi. Iliniuma kama msiba wa jirani. Hesabu ya 2023 ilionyesha wamepungua kwa zaidi ya robo.

Wanaanza kurudi mwamba ule Februari. Nimehamia Edinburgh lakini treni ni karibu, mwanangu nitampeleka akawaone wakitua.