Nchi isiyo na dini, kadhi wa serikali: Zanzibar tumesimama wapi?

Mwenye mada, Ng'ambo
Hodi jamvini. Ibara ya 3 ya Katiba ya Muungano ya 1977 inasema Jamhuri ni nchi "isiyokuwa na dini". Huku kwetu kadhi, mwamuzi wa ndoa, talaka na mirathi za Waislamu, yumo ndani ya serikali, Mufti, kiongozi mkuu wa mambo ya Kiislamu, aliwekewa sheria yake 2001, na wakfu, mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, una Kamisheni. Bara kadhi hana mahakama ya serikali. Mimi sioni mgongano. Nchi kutokuwa na dini si kuipiga vita dini. Serikali haifungi wala haiswali, wanaofunga ni watu. Nipingeni.

Wakili, Vuga
Umepita mbio. Ibara ya 19 ya katiba hiyohiyo inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mufti wetu anateuliwa na Rais. Na walioipinga sana sheria ile si wasioamini, ni Waislamu wenyewe, waliohofu serikali itashika funguo za msikiti.

Bi Mkubwa, Wete
Nyie wanaume mna raha ya kubishana. Mdogo wangu aliachwa na watoto watatu. Wazee walikaa kikao baada ya kikao, mume anaitikia "inshallah", senti haiji. Kwa kadhi huyo mume aliitwa, akaja. Asingekuja kama ile karatasi ya wito haina nguvu ya dola. Na sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 inamruhusu kadhi kuangalia mchango wa mke katika mali waliyochuma pamoja. Hiyo serikali mnayotaka itoke, itoke iende wapi?

Mzawa, Mkunazini
Mimi Mkristo, nimekulia karibu na kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Kadhi hanihusu wala hanikeri. Mchana wa Ramadhani ndipo ninapokwama. Adabu naijua, nakula ndani, sijafundishwa na mtu. Lakini mtu akikamatwa kwa kula hadharani, hiyo bado ni adabu?

Mwenye mada, Ng'ambo
Mzawa, hapo umenishika. Kadhi anaamua baina ya Waislamu. Polisi hamuulizi mtu dini yake. Narudi nyuma hatua moja. Ila kwa Mufti sitoki, Wakili. Rais asipomteua, nani amteue? Sisi hata mwezi umeandama lini hatuafikiani, nyumba moja wanakula Idi, ya pili wamefunga.

Wakili, Vuga
Kumbe Rais ndiye anayeuona mwezi.