Kikundi cha «Watoto wa Pasiansi»: safari ya Saanane

JUMAMOSI

Joas, saa 1:12 asubuhi
Ndugu zangu, hamjambo. Hii ni mara ya tatu ninalileta jambo hili, na mara mbili zilizopita watu 23 waliusoma ujumbe wangu lakini aliyejibu ni Edna peke yake, tena kwa kidole gumba. Narudia basi. Napendekeza sisi sote tuliokulia nyumba ya Pasiansi tukutane Mwanza Jumamosi ya mwisho ya Machi, tuvuke kwa boti hadi Kisiwa cha Saanane, na hukohuko tumrekodi kila mmoja akisimulia alichokiona na alichokisikia angani wakati wa Vita vya Kagera. Mchango ni shilingi 30,000 kwa mtu mzima. Naomba majibu kabla ya saa sita mchana.

Joas, saa 1:19 asubuhi
Kwa vijana watakaouliza kwa nini iwe Saanane na si ufukweni kwenye samaki wa kuchoma: mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Idi Amin wa Uganda katika vita ile, aina ya Tupolev Tu-22, ilitumwa kulipua ghala la mafuta la Mwanza, ikalikosa kabisa, na mabomu yake yakaangukia hifadhi ya wanyama iliyokuwa kisiwani. Mfanyakazi mmoja alijeruhiwa kidogo na wanyama kadhaa wakafa. Leo kisiwa hicho ni Hifadhi ya Taifa, na watalii wanapiga picha bila kujua lolote.

Edna, saa 2:44 asubuhi
Kaka shikamoo. Mimi sina pingamizi, ila mwisho wa Machi ni mvua, na Shangazi hawezi kupanda boti yenye utelezi.

Projest, saa 3:05 asubuhi
Baba Mkubwa shikamoo. Niko zamu karakana, nitaandika kwa kifupi. Hiyo Tu-22 si ndege ya kawaida kwa umbo, kwa sababu injini zake mbili hazikuwekwa chini ya mabawa wala ndani ya kiwiliwili, bali zimepandishwa juu kabisa mkiani, moja kila upande wa ule usukani uliosimama. Iliundwa kwa ajili ya kukimbia kuliko sauti. Naomba kuuliza bila kukukosea heshima: wewe uliiona kwa macho, au uliisikia tu?

Joas, saa 3:31 asubuhi
Swali zuri, mwanangu, na ndilo linaloonyesha kwamba turekodi mapema. Sikuiona. Niliisikia, na nikatazama mahali pasipo, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wenzangu pale juu ya jiwe la nyuma ya nyumba kwamba ndege ya jeti haitafutwi inakosikika. Sauti hutumia takriban sekunde tatu kwa kila kilomita. Ndege ikiwa kilomita tatu juu yako na inakwenda kilomita 900 kwa saa, sauti iliyoachwa pale hukufikia baada ya sekunde tisa, na kwa muda huo yenyewe imekwisha kusogea zaidi ya kilomita mbili mbele. Kwa hiyo ukisikia ngurumo juu ya Bugando, macho yako yaelekee mbali zaidi, kule inakokwenda. Tulilijua hilo kabla hatujafundishwa darasani, kwa kukosa mara nyingi na kuchekwa.

Joas, saa 3:40 asubuhi
Na kabla ya umbo, tulizitambua kwa sikio. Caribou ya jeshi letu, zile za Kanada zilizokuja wakati Wakanada wakitusaidia kuanzisha kikosi cha anga, ilikuwa na injini mbili za pistoni, na sauti yake ilikuwa ya kugugumia kama mashine ya kusaga iliyo kijiji cha pili. Ungeweza kumaliza kikombe cha uji ndipo ikatokea, mkia wake mrefu ukiwa juu kama wa paka aliyeshiba. MiG, jeti ya kivita ya jeshi letu, haikukupa nafasi ya uji. Kwanza palikuwa na ukimya ambao ndege wa mwembeni waliutambua kabla yetu, halafu mtu akaipasua kaniki mpya kutoka upande mmoja wa mbingu hadi mwingine, halafu bati zote za Pasiansi zikatetemeka.

Projest, saa 3:52 asubuhi
Hiyo ya kaniki ni sahihi kiufundi. Rubani wa MiG-21 anapotaka nguvu zaidi, mafuta humwagwa na kuwashwa katika bomba la nyuma ya injini, na moto ule ndio unaotoa mpasuko unaousema. Je, mlizitofautisha MiG-21 na MiG-17?

Joas, saa 4:10 asubuhi
Tulizitofautisha, tena tuliandika. MiG-17 ilikuwa na mabawa yaliyolazwa nyuma kama ya mbayuwayu, na MiG-21 mabawa ya pembetatu na pua yenye koni katikati ya tundu la hewa. Tarehe, saa, upande ilikotoka, upande ilikokwenda, na mlio, vyote vilikuwa katika daftari moja la kurasa 48. Daftari lile lingekuwapo leo, tusingekuwa tunaulizana nani aliona na nani alisikia. Caribou ya kwanza ilikuwa ukurasa wa tatu, naukumbuka hadi sasa. Aliyelipeleka kwa balozi wa nyumba kumi wakati wa vita anajijua, na yumo humu kikundini.

Edna, saa 4:13 asubuhi
Kaka, tafadhali. Maneno hayahaya uliyasema kwenye matanga ya Mama, na mwenzako akaondoka kabla ya siku ya tatu.

Joas, saa 4:15 asubuhi
Sijamtaja mtu.

Deo, saa 5:58 asubuhi
Salamu kwa wote. Nimesoma yote kuanzia juu na ninasikitika kwamba katika historia hii yote hajatajwa shahidi muhimu kuliko wote, yaani mbuzi dume wa Mama wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa akizisikia MiG robo dakika kabla ya binadamu na kuingia jikoni kwa watu bila hodi. Huyo ndiye beberu pekee niliyewahi kumwona kwa macho yangu akizikimbia ndege za Tanzania.

Edna, saa 6:01 mchana
Deo jamani! Aliimwaga sufuria ya maharage siku ya Ijumaa Kuu.

Anitha, saa 6:02 mchana
Nimecheka peke yangu ndani ya daladala, watu wananitazama.

Joas, saa 6:04 mchana
Saa sita imepita. Mambo ya mbuzi yanajibiwa kwa dakika moja, lakini ya mchango hayajajibiwa tangu alfajiri. Mwenye boti anataka kujua idadi kufikia Jumatatu. Nani anakuja na nani haji?

Deo, saa 6:20 mchana
Mimi nitakuja, lakini natoa hoja kwamba tusogeze safari hadi Novemba. Mvua si hoja yangu. Novemba ni msimu wa senene, na ndugu zetu wa Bukoba hawawezi kuja mikono mitupu. Tutakumbuka ndege zote, zenye injini na zisizo na injini.

Rwegoshora, saa 6:22 mchana
Naunga mkono hoja ya Novemba.

Mama Koku, saa 6:23 mchana
Nami naiunga mkono. Nitaleta za kukaanga, zilizonyofolewa mabawa na miguu.

Joas, saa 6:30 mchana
Rwegoshora, nimekuandikia mara saba tangu mwaka jana na hujawahi kunijibu hata herufi moja. Leo umefufuliwa na senene. Bomu lilianguka Machi, na kumbukumbu inafanyika Machi. Bukoba ilishambuliwa kwa ndege Oktoba 1978, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mkitaka tarehe nyingine chagueni katika hizo, lakini msinipangie tarehe ya panzi.

Projest, saa 7:15 mchana
Baba Mkubwa, tukiamua kurekodi, nashauri tuanze na Shangazi, kwa sababu alikuwa Bukoba wakati ule ndege za Amin zilipokuja, na kwa umri wake hatupaswi kumwacha hadi mwisho.

Joas, saa 7:18 mchana
Hilo limekwisha kupangwa. Shangazi atafungua. Nimemwandalia maswali 14, kuanzia aina ya ndege na uelekeo wake.

Edna, saa 7:40 mchana
Umemwuliza mwenyewe kama anataka?

Anitha, saa 12:25 jioni
Shikamooni nyote. Niko na Bibi, nimemsomea ujumbe wote tangu asubuhi. Amesema niandike kama anavyosema bila kupunguza, kwa hiyo haya yanayofuata ni maneno yake.

Anitha, saa 12:41 jioni
«Joas, nakusalimu, na wenzako wote nawasalimu. Nimesomewa maswali yako. Sijui ndege ile ilikuwa na mabawa ya aina gani, kwa sababu wewe ulikuwa ukitoka nje ili uione na mimi nilikuwa nikilala chini ili isinione. Ilipokuja Bukoba nilikuwa na ndoo ya maji kichwani. Vioo vilivunjika, nikaona watu wakienda migombani na mimi nikaenda, na ndoo sikuirudia. Nilipofika kwenu Pasiansi kwa meli ya Victoria, nilikuta watoto wa kaka yangu wamekaa juu ya jiwe wanashangilia. Sikuwalaumu, maana mlikuwa mkizishangilia za kwetu, lakini tumbo langu halikuwa limejifunza kutenganisha za kwetu na za kwao, na hadi leo ndege za Siku ya Uhuru zikipita kwenye televisheni namwambia Anitha apunguze sauti.»

Anitha, saa 12:52 jioni
«Daftari lako nililichoma mimi. Kaka yangu alirudi jioni akasema kijana mmoja mtaa wa pili amekamatwa na mgambo kwa sababu ya kuandikaandika mambo ya uwanja wa ndege, na nikajua chini ya godoro lako kuna nini, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikilitandika. Nililiweka kwenye mafiga mlipolala, ukurasa kwa ukurasa, ili moshi usiwe mwingi. Sospeter aliamka kwenda nje akanikuta. Nilimwambia asiseme, kwa kuwa ungelia na majirani wangesikia. Hakusema. Nilidhani vita vikiisha atakuambia, naye nadhani alingoja niseme mimi. Balozi hakuletewa kitu. Hayo ndiyo yangu, na Machi au Novemba mtakaponiita nitakuja, lakini maswali 14 sitajibu.»

Anitha, saa 12:53 jioni
Amemaliza. Ameomba chai.

Edna, saa 1:10 usiku
Shikamoo Shangazi. Asante waitu.

Mama Koku, saa 1:12 usiku
Shikamoo Shangazi.

Deo, saa 1:30 usiku
Shikamoo Shangazi. Naomba radhi kwa yale ya mbuzi.

Joas, saa 2:47 usiku
Ujumbe huu umefutwa.

Joas, saa 2:49 usiku
Ujumbe huu umefutwa.

Joas, saa 3:06 usiku
Shikamoo Shangazi. Nimesoma. Kuhusu safari, nimezungumza tena na mwenye boti. Anasema wazee huketishwa katikati, kila abiria anavaa jaketi la kuokolea maisha, na kutoka gatini Capri Point hadi kisiwani ni mwendo mfupi, kwa hiyo suala la utelezi linaweza kushughulikiwa. Maswali nimeyaondoa. Kila mtu ataeleza anavyotaka, au akae tu.

Projest, saa 3:20 usiku
Mimi naweza kuja na kinasa sauti cha kazini, ila naomba tarehe iwe moja ili niombe ruhusa mapema.

Sospeter, saa 4:51 usiku
Shikamoo Shangazi, na wengine habari za usiku. Joas, Caribou ilikuwa ukurasa wa kwanza, haikuwa wa tatu. Ukurasa wa tatu ulikuwa na zile MiG mbili zilizopita chini kwa chini alasiri ya mvua, na picha zake nilizichora mimi kwa penseli, kwa sababu wewe mabawa ya pembetatu yalikuwa yakikushinda ukiyafanya yawe kama paa la nyumba. Niliziona zikikunjamana motoni kabla hazijashika. Nyingine ulizozisahau nazikumbuka, lakini si za kuandikwa hapa.

Joas, saa 4:58 usiku
Yalikuwa yakinishinda kweli.

Joas, saa 5:03 usiku
Utakuja?

Edna, saa 5:20 usiku
Kwa hiyo ni Machi au ni Novemba? Projest anahitaji kuomba ruhusa.

JUMAPILI

Mwalimu Bena, saa 12:38 asubuhi
Habari za asubuhi, ndugu zangu. Samahani, jana sikuwa na bando, na ndiyo kwanza nimeuona ujumbe wa Joas wa saa 1:12. Naomba ufafanuzi kidogo: hiyo 30,000 ni pamoja na boti na kiingilio cha hifadhi, au boti tunalipa pembeni?