Kibofu cha MS na mambo ya chumbani: vidonge, Botox au mashine ya mguuni?

BintiPangani
Salaam wapendwa. Nina miaka 38, nipo Tanga, na multipo sklerosisi, hii MS yetu, ugonjwa wa neva za ubongo na uti wa mgongo, mwaka wa sita sasa. Miguu naimudu, jicho lilirudi kuona, kinachonimaliza ni kibofu. Mkojo ukinibana haunipi hata dakika mbili, na usiku naamka mara nne, tano. Natumia oksibutinini, vidonge vya kutuliza kibofu, mg 5 mara mbili kwa siku. Safari za chooni zimepungua, ila mdomo mkavu kama nimebugia unga wa muhogo, choo kikubwa hakitoki, na huku chini nako kumekauka hadi tendo la ndoa nalifanya kwa kuuma meno.

Kilichonileta ni cha wiki mbili zilizopita. Tuko katikati na baba watoto, kibofu kikaachia. Nikamwambia nimepiga teke glasi ya maji. Nikabadilisha shuka gizani, na tangu siku hiyo kila usiku mimi "nimechoka". Daktari kanipa njia tatu: niendelee na hizi, nihamie mirabegroni, vidonge vya kibofu vya aina nyingine, au nichomwe Botox, dawa ya kulegeza misuli, kwenye kibofu. Habari za chumbani hakuuliza, nami sikusema. Mliopitia, ipi ilituliza kibofu bila kuua mengine?

ZuwenaMct
Pole shoga. Mimi nimezionja zote tatu huku Muscat.

Hizo zako nilizitumia miaka miwili. Nikaanza kusahau vitu. Daktari akasema dawa za kundi hilo zikikaa sana mwilini zinaweza kugusa kumbukumbu, na MS yenyewe tayari inaigusa. Mirabegroni mdomo ulirudi na ukavu ukapungua, ila haifanyi kazi leo kesho, kwangu ilichukua wiki sita. Inapandisha presha pia, kwa hiyo upimwe kwanza.

Botox ndiyo iliyonirudishia usingizi. Wanaingiza kamera nyembamba, wanachoma sindano nyingi ndogondogo kwenye ukuta wa kibofu. Mimi nilipewa uniti 100 kwa kuwa nilikuwa bado nakojoa mwenyewe. Ile ya 200 ndiyo Marekani waliyoiidhinisha mwaka 2011 kwa vibofu vya wagonjwa wa neva. Ikifika miezi minane hivi inakwisha, unarudia. Ubaya wake, kibofu kinaweza kulala mno kikashindwa kujimwaga. Changu kililala. Wiki kumi na moja nikawa najitoa mkojo kwa mpira mwembamba wa kupitisha njia ya mkojo (katheta), mara nne kwa siku. Nililia nikijua unyumba ndio umekwisha. Kumbe! Ukishakimwaga dakika tano kabla, kitaachia nini?

FizioK
Dada Pangani, kabla hujachagua chochote: umewahi kupimwa mkojo unaobaki? Nauliza kwa sababu nawaona wengi kliniki Nairobi waliopewa vidonge bila kipimo hiki. Kibofu cha MS mara nyingi kinajikaza ovyo huku mlango wake haufunguki sawasawa. Unakwenda mara kumi, kila mara unatoa kidogo, na kingi kinabaki. Ukikilaza kwa dawa, kinachobaki kinazidi, maambukizi yanafuata, na maambukizi ya mkojo yanaamsha dalili zote za MS hadi mtu adhani ugonjwa umemrudia upya. Ni ultrasaundi tu, mara tu baada ya kukojoa. Kikibaki zaidi ya ml 100, wengi huanza kuzungumzia mpira.

Mazoezi ya misuli ya nyonga nayo usiyadharau. Misuli inayozuia mkojo ndiyo hiyohiyo inayobana ukifika kileleni. Ila ufundishwe na mtu anayekupima, siyo video. Na kukata mkojo katikati si zoezi la kila siku, hilo ni la kujaribia mara moja tu uitambue misuli yenyewe.

Kijogoo77
Si uache tu kunywa maji kuanzia mchana?

FizioK
Hapana kaka. Mkojo mzito unakikera kibofu zaidi, na choo kitazidi kukauka. Anywe lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, apunguze saa mbili kabla ya kulala. Cha kupunguza ni chai na kahawa.

Mama2_Leicester
Mimi nilikataa sindano za kibofu, nikachagua mashine ya mguuni. Kisindano chembamba juu ya kifundo cha mguu, umeme mdogo unaopita kwenye neva kutuliza kibofu, dakika 30 kila wiki kwa wiki 12. Haikaushi chochote. Ilinipunguzia, haikunimaliza, na sijui kama Tanga utaipata karibu.

Ila nikwambie ambalo sikuambiwa mapema: kibofu kikitulia bado unaweza usihisi raha. Ganzi ya MS iko kwenye neva, na dawa ya kibofu haiirudishi. Mimi nahitaji muda mrefu zaidi na kifaa cha kutetemesha. Nesi wangu ndiye aliyenishauri bila kupepesa macho. Washa feni pia, joto linatuzidishia dalili. Kwa ukavu tumia jeli ya maji. Mafuta ya nazi yanaharibu kondomu, kama mnazitumia.

BabaAmina_Msa
Samahani kina dada kwa kuingilia, mke wangu ana MS. "Nimechoka" ya miezi mitatu mfululizo mwanaume anaitafsiri vingine kabisa. Mimi nilishafikiria kuna mtu. Siku aliponiambia, tulitandika plastiki ya kitanda cha mtoto, taulo juu yake, shuka juu ya taulo, basi. Na tunalala ubavu, tumbo lake lisibebe uzito wangu.

BintiPangani
Nimerudi baada ya siku tisa. Kipimo: zimebaki ml 160! Botox imewekwa kando kwanza. Oksibutinini nimeachishwa, presha iko sawa, naanza mirabegroni mg 25 na nafundishwa mpira Jumatatu. Safari hii ya chumbani nimesema, nikiangalia sakafu, na daktari kayaandika kwenye faili.

Baba watoto nimemwambia kuhusu glasi. Akasema, "Glasi ilikuwa jikoni. Niliiosha mimi."

Swali: mpira unauonaje unapoingia? Mnatumia kioo?

ZuwenaMct
Kioo wiki ya kwanza tu, baadaye vidole vinaijua njia. Omba ule mfupi wa kike, mimi natumia wa unene namba 12. Mikono kwa sabuni kwanza, mguu mmoja juu ya ukingo wa choo. Ukikwama usisukume, kohoa kidogo, utapita.